Arubaini ya mzazi: Deni ambalo siku hizi halilipwi

Kijana apelekapo posa kwa Waswahili wa Mombasa, Malindi au Lamu, hatajiwi mahari peke yake. Wazee wa upande wa mke humtajia na ada nyingine kadha wa kadha: kilemba cha baba, mkaja wa mama na ubeleko. Siku hizi ada hizi hulipwa kwa fedha taslimu, na vijana wengi huzitoa bila ya kuuliza maana yake. Lakini majina hayo hayakuzuka ovyo. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Na mkaja ni ile nguo ambayo mwanamke hufungwa tumboni akisha kuzaa.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Binti amekua, amefika umri wa kuolewa, na hata hivyo jamii haijasahau kwamba siku alipozaliwa kuna tumbo lililoteseka na kufungwa nguo. Mkwe anaambiwa waziwazi: hukumpata mke huyu bure, kuna mama uliyemkuta na deni lake. Ni watu wachache duniani walioliandika deni la uzazi katika hesabu za arusi kama walivyofanya wazee wetu wa pwani.

Ada bado inalipwa. Swali ni kama ile kazi yenyewe ya mkaja, yaani kumtunza mwanamke mpaka mwili na moyo wake urudi mahali pake, bado inafanywa.

NYUMBA YENYE MZAZI

Katika Kiswahili cha pwani neno "mzazi" halina maana ya baba au mama wa mtoto tu. Mzazi ni mwanamke aliyejifungua juzi juzi, ambaye bado yumo ndani. Watu wakikutana njiani huulizana, "Mzazi hajambo?" Huyo ndiye mgonjwa wa nyumba, na arubaini ni yake yeye kabla ya kuwa ya mtoto.

Kwa kawaida mwanamwali aliyebeba mimba ya kwanza alirudi kwa mamake miezi ya mwisho, akajifungulia huko na kukaa huko mpaka siku 40 zitimie. Kila siku, asubuhi na jioni, mkunga au mwanamke mzima wa jamaa alikuja kumkanda. Maji yalichemshwa, mara nyingi pamoja na majani ya miti, kisha kitambaa kikachovywa, kikakamuliwa na kukandamizwa tumboni, kiunoni, mgongoni na kwenye viungo. Akisha kukandwa, alipakwa mafuta, akafungwa mkaja, akalazwa.

Chakula chake kilikuwa mbali na cha wengine. Alipewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku, vitu vya tangawizi na vya moto moto. Hakuteka maji, hakutwanga, hakushika ufagio. Mtoto alioshwa na mikono mingine, akaletewa mamake anyonye tu. Siku ya 40 ilipofika, chumba kilifanyiwa usafi, mzazi akaogeshwa, akavishwa na kufukizwa udi, naye akatoka mbele ya watu na mwanawe. Ndipo waliposema, "Ametoka arubaini."

Si watu wa pwani peke yao waliokuwa na hekima hii. Wakikuyu humpikia mzazi njahi ili apate nguvu na maziwa. Magharibi ya nchi kuna uji wa wimbi na supu ya kuku. Nje ya Afrika, Wachina huwa na mwezi mzima wa kumweka mzazi ndani, na huko Mexico siku 40 hizo hizo zina jina lake. Watu ambao hawakupata kuonana walifikia shauri moja. Hapana budi kuna sababu.

SIKU 40 NA SIKU 42

Sababu tunaweza kuipata hospitalini. Madaktari huhesabu kipindi cha baada ya kuzaa kuwa wiki sita, yaani siku 42. Hata Shirika la Afya Duniani, linapohesabu vifo vya uzazi, huhesabu vile vitokeavyo wakati wa mimba na mpaka siku ya 42 baada ya mimba kwisha. Kati ya hesabu ya mkunga wa Lamu na hesabu ya daktari wa Geneva pana tofauti ya siku mbili tu.

Wapo wanaodhani kwamba 40 ni amri ya dini moja kwa moja. Kwa Waislamu, siku hizo zinakwenda sambamba na nifasi, yaani damu ya uzazi. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, nifasi yaweza kufika hata siku 60, na ile 40 ni kipimo cha kawaida. Tena mwanamke ambaye damu yake imekatika mapema huoga na kusali bila kungoja. Kwa hiyo yale mapumziko, ule uji na ule mkaja ni utu na uangalizi ambao watu wenyewe waliujenga juu ya hesabu hiyo.

Na mwili wahitaji siku hizo kweli. Mara tu mwanamke ajifunguapo, mji wake wa uzazi huwa na uzani wa kilo moja hivi na juu yake hufika karibu na kitovu. Ikipita wiki mbili, huwa umeshuka hata haupapasiki tena juu ya nyonga. Wiki ya sita ikitimia huwa umerudia uzani usiofika gramu 100. Hapana kiungo kingine cha mtu mzima kinachobadilika kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Ndani ya mji huo, pale kondo la nyuma lilipobanduka, hubaki kidonda kama kiganja cha mkono. Hakionekani kwa jicho, na ndiyo sababu watu hukisahau. Damu itokayo siku za kwanza huwa nyekundu, baadaye huwa ya rangi ya kahawia, kisha majimaji meupe au ya manjano, mpaka ikome baada ya wiki nne hadi sita. Mzazi akiondoka kitandani akabeba ndoo, huenda damu nyekundu ikarudi. Mwili umesema neno lake: bado.

Pia kuna maumivu ya tumbo yajayo kila mtoto anaposhika titi. Kina mama wengi hutishika, wakidhani kuna kitu kimeharibika. Kumbe kunyonya kwenyewe ndiko kunakoukaza mji wa uzazi na kuuzuia usivuje damu. Maumivu haya huzidi kwa mtoto wa pili na wa tatu kuliko wa kwanza, na kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

MAZURI NA MABAYA

Tukisifu desturi, tusiisifu kwa upofu. Mengi ya wazee yanafaa mpaka leo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni na kiunoni hutuliza misuli. Supu na uji humrudishia mzazi maji na nguvu alizopoteza. Mkaja ukifungwa kwa kiasi humpa nafuu anaposimama na anapokohoa.

Lakini maji yakiwa ya kuunguza huchubua ngozi. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hafai kabisa kukandwa tumboni wala kufinyangwa juu ya mshono, kwa maana tabaka za ndani huchukua wiki nyingi kushikana hata kama ngozi ya juu imeonekana kupona. Mkaja ukikazwa mno husukuma uzito chini, mahali ambapo tayari misuli imelegea. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kumuua mama na mtoto usingizini. Na wale wanaomnyima mzazi matunda, mboga na maji ya kunywa ya kutosha kwa kuogopa "baridi" wanamnyima dawa.

Kosa jingine la zamani ni kuyakamua na kuyamwaga maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, kwa kudhani ni machafu. Maziwa hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto na hayana badala yake.

Na kubwa kuliko yote: arubaini isigeuzwe kufuli. Kuna mambo ambayo hayangoji siku 40 wala saa 40. Damu inayolowesha pedi au kitambaa kizima kwa muda wa saa moja, homa, uchafu unaonuka, kichwa kuuma vibaya na macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kubana. Lolote katika haya likitokea, mzazi atolewe ndani upesi na apelekwe hospitali, usiku au mchana, hata ikiwa ni siku ya tatu. Shinikizo la damu linalotokana na mimba laweza kumzukia mwanamke hata baada ya kuzaa, ingawa alipokuwa mjamzito hakuwa na neno.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linataka mzazi na mtoto waangaliwe na mtaalamu mara nne: katika saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Ukitazama vizuri utaona kwamba hayo hayagombani na arubaini. Muuguzi aweza kuja nyumbani, au mzazi akasindikizwa kliniki na kurudi kitandani kwake.

MACHOZI YASIYO NA JINA

Sasa tufike mahali ambapo desturi yenyewe ilipungukiwa. Wazee waliujua mwili wa mzazi vizuri sana. Moyo wake hawakuujua sawasawa, au waliujua wakaupa majina ya kutisha.

Siku ya tatu, ya nne au ya tano, wakati maziwa yanapojaa, wanawake wengi hulia bila ya sababu. Wageni wamejaa, zawadi zimeletwa, mtoto ni mzima, naye mama analia. Mavyaa hunong'ona, "Huyu hana shukrani." Wifi hudhani amesemwa. Ukweli ni kwamba mwili umepoteza kwa ghafla nguvu za mimba zilizokuwa katika damu, na usingizi umekatika. Machozi haya huwapata zaidi ya nusu ya wazazi, na hukoma yenyewe katika wiki mbili.

Yasipokoma, hapo kuna jambo. Mwanamke halali hata mtoto akilala. Hali chakula. Haoni furaha kwa mwanawe, hujiona hafai kuwa mama, na pengine hupitiwa na wazo la kufa. Huu ni ugonjwa wa sonona ya baada ya kuzaa, na waweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mzazi mmoja kwa kila watano hupatwa na maradhi ya akili, na sonona ndiyo ya kwanza. Kuna na aina nyingine, iliyo nadra, ambapo mzazi huchanganyikiwa, husikia sauti na husema yasiyokuwapo. Hiyo ni dharura kama vile kutokwa na damu.

Majirani zetu Waganda wana jina lao la wazimu wa mzazi: amakiro. Zamani iliaminiwa kwamba huletwa na uzinzi wa mke au mume wakati wa mimba. Tazama basi mzigo anaotwishwa mgonjwa: anaumwa, kisha anahukumiwa. Kwetu pwani wengine husema ni jini au jicho la hasidi. Jina hubadilika, lakini mwanamke hufichwa vile vile.

Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya utafiti juu ya jambo hili huko Uganda katika miaka ya 1970. Aliporudi kwao akawachunguza wazazi wa Scotland, akakuta ugonjwa ni ule ule, na kiasi chake kinakaribiana. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili, Jeni Holden na Ruth Sagovsky, walichapisha maswali kumi mafupi ya kumpima mzazi, yanayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Maswali hayo yametumika dunia nzima, na yamefasiriwa hata kwa Kiswahili na kutumika katika utafiti hapa Kenya. Hayahitaji mashine wala sindano. Yanahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kungoja jibu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba tiba yake mara nyingi huanzia katika mazungumzo. Huko Pakistan, nchi ambayo nayo ina desturi ya siku 40, wanawake wa kawaida wa vijijini wanaohudumu katika afya walifunzwa namna ya kuwatembelea na kuzungumza na wazazi wenye sonona. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, katika kila wazazi 100 waliotembelewa hivyo, 23 tu ndio waliokuwa bado wagonjwa. Upande wa wale waliotembelewa bila ya mazungumzo hayo walikuwa 53. Wanawake hao hawakuwa madaktari. Walikuwa, kwa lugha yetu, watu wa kukanda moyo.

MZAZI WA CHUMBA KIMOJA

Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022, karibu watoto 9 katika kila 10 hapa Kenya walizaliwa mikononi mwa mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Hiyo ni neema kubwa, na hapana mwenye akili atakayetaka turudi nyuma. Lakini hospitali humtunza mzazi siku moja au mbili, kisha humpa ruhusa. Je, zile siku 38 zilizobaki ni za nani?

Kwa mwanamke anayekaa chumba cha kupanga katika mitaa ya Nairobi au Mombasa, mara nyingi si za mtu. Mamake yuko mashambani na nauli ni ghali. Mume ametoka alfajiri kwenda kutafuta. Jirani yuko kibaruani. Maji yako bombani nje, ngazi ni nyingi, na mtoto mkubwa anataka chai. Akiwa ni muuza mboga, kila siku anayolala ndani ni siku ya njaa. Huyu hakuacha mila kwa kuiona ya kishamba. Alikosa watu wa kuifanya.

Tuseme kweli pia kwamba ile arubaini ya zamani ilisimama juu ya mabega ya wanawake wengine, wasiolipwa kitu, na wasichana waliotolewa shuleni kuja kuteka maji. Hatuwezi kuirudisha kwa njia hiyo, wala haifai. Lazima mzigo ugawanywe upya, na wa kwanza kupewa fungu lake ni baba.

Sheria imekwisha kufungua mlango kidogo. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 1976, mama alipata likizo ya uzazi ya miezi miwili, naye akapoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya mwaka 2007 ilimpa miezi mitatu yenye mshahara kamili bila ya kumnyang'anya ile nyingine, na ikampa baba wiki mbili zenye mshahara. Wiki mbili hizo ndizo za damu nyekundu, za machozi ya siku ya tatu na za usingizi uliokatika. Mwanamume azichukue, asizitumie kwa kupokea pongezi barazani. Ateke maji, apike uji, amshike mtoto mama alale. Hapana mila iliyovunjika kwa mume kukoroga sufuria.

Kwa wale wasio na ajira ya kuandikwa, ambao ndio wengi, tegemeo ni jirani, chama cha kina mama na wahudumu wa afya wa mitaani. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa namna hiyo wapatao 100,000, wenye vifaa, wa kuingia nyumba kwa nyumba. Wakiulizia uzani wa mtoto, waulizie na usingizi wa mama. Navyo vyama vinavyochangia maziko na arusi, vyaweza kuchangia na arubaini ya mwanachama: mmoja afue Jumatatu, mwingine apike Jumanne.

Hata sisi wageni tuna la kujifunza. Twaingia kwa mzazi, twanawa mikono au pengine hatunawi, twampokea mtoto, twasema amefanana na baba, twakunywa chai aliyoipika mzazi mwenyewe, twaenda zetu. Mzazi ameulizwa nini? Ukienda tena, peleka chakula kilichokwisha pikwa. Osha vyombo ulivyovikuta. Kabla ya kumtazama mtoto, mtazame mama usoni, umwulize amelala saa ngapi na amekula nini, kisha nyamaza akujibu. Akikwambia kwamba amechoka na maisha, usimwambie avumilie. Keti naye, uwaite watu wake, na kesho umsindikize kliniki.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi haulei na mzazi.